Mafundo Mawili ya Kitanda cha Kumi na Moja

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Juni 1976, saa nne na dakika kumi asubuhi. Dakika hiyo inajulikana barabara, kwa sababu ndiyo dakika Komiseri, mkuu wa mkoa, aliposhuka kwenye gari katika uwanja wa hospitali ya Mapendano, mjini Goma, na watu wakaanza kupiga makofi na kucheza ngoma ya chama. Ndani ya wodi ya wanawake, kwenye kitanda cha kumi na moja, mwanamke wa miaka thelathini na moja alikuwa anakata roho. Muuguzi aliyekuwa kando yake alipiga kelele akiita dokta. Mtu mmoja aliingiza kichwa dirishani akamwambia anyamaze, mukubwa anasema.

Mwanamke yule aliitwa Athanasie. Kwenye karatasi aliandikwa Nyiransabimana tu, maana miaka ile serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, na watu waliyaacha nyumbani kama mtu anavyoacha viatu mlangoni. Alikuwa mkulima wa milima ya Masisi. Alishuka na ugonjwa wa mapafu, na tangu Alhamisi alikuwa anachomwa penisilini asubuhi na jioni. Jumamosi alichomwa ya saa nne. Midomo ikavimba, koo likaziba, akafa. Dawa ya kumwokoa ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya kabati, na kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa dokta, na dokta alikuwa kwenye mstari wa makofi. Ndivyo nchi ilivyopangwa: ufunguo hukaa kwa mkubwa, na kifo hukaa kwa mdogo.

Jumatatu asubuhi faili lilifika kwenye meza ya Inspekta Ndayambaje. Lilikuwa limekwisha kuandikwa karibu lote, mithili ya nguo iliyoshonwa ikabaki kifungo. Muuguzi Lucie, miaka ishirini na minne, amechoma dawa ambayo dokta alikuwa ameikataza tangu Ijumaa. Karatasi ya matibabu ilikuwa mlemle ndani, na kweli, mstari mwekundu ulikata neno penisilini kutoka mwanzo hadi mwisho, na kando yake tarehe 11 na sahihi ya dokta. Mkubwa wake alimwambia Ndayambaje atie sahihi kabla ya saa kumi na moja jioni, ili kesho yake msichana apande meli ya Bukavu, akangoje hukumu huko gerezani. Jambo liko wazi, alisema, usilitafutie miguu.

Ndayambaje alijibu ndiyo muzee, akavaa kofia yake, akaenda kulitafutia miguu.

Lucie alikuwa kwenye kasho, chumba cha mahabusu nyuma ya ofisi, amekaa juu ya tofali, mikono ameikunja kifuani kuficha maziwa yaliyokuwa yamelowesha blauzi yake. Ana mtoto wa miezi minne. Bibi wa mtoto alikuwa anamleta kutoka Murara mara mbili kwa siku, ananyonyeshwa mbele ya askari, kisha anarudishwa mgongoni. Meli ya Bukavu ikiondoka, mtoto angebaki anyonye nini, hilo halikuandikwa kwenye faili.

Inspekta alimuuliza taratibu, jambo baada ya jambo. Aliingia kazini saa mbili. Alichemsha sindano kwenye chumba cha dawa. Alitoka na sinia saa nne kamili. Alisoma karatasi, akachoma, akatia alama yake ya wino wa buluu kama kawaida. Mstari mwekundu? Hapakuwa na mstari. Alikuwa amesema hivyo tangu Jumamosi, na kila mtu alimwambia anasema uongo.

"Nilisoma karatasi, papa," akasema. "Na nilitazama kitanda. Kilikuwa safi."

"Kitanda? Mugonjwa analala juu yake. Ulitazama nini kwa kitanda?"

Lucie aliinamisha uso. Kuanzia pale hakujibu tena, hata alipoulizwa mara tatu. Ndayambaje aliandika neno moja kwenye daftari lake, kitanda, akalipigia mstari chini. Katika miaka yake ya kazi alikuwa ameona watu wengi wakinyamaza kujiokoa. Huyu alikuwa ananyamaza na kamba iko shingoni mwake. Mtu hanyamazi vile kwa faida yake mwenyewe.

Kwenye lango la hospitali alikuwa ameketi mwanaume mwenye koti la mvua na fimbo ya kuchungia ng'ombe. Ni Onésime, mume wa marehemu. Maiti ilikuwa ndani siku ya tatu, naye hakutaka kuichukua. Ndayambaje alimpa pole, akamshauri amzike mkewe, uchunguzi utaendelea.

"Nitazika," Onésime akajibu. "Lakini nikifika kule juu Masisi, wakwe wataniuliza binti yao alikufa na nini. Nitasema nini? Alikufa na usafi wa Komiseri?"

Miaka mitatu nyuma, mama mkwe wa Ndayambaje mwenyewe alimuuliza vilevile, kwenye lango lilelile. Alivua kofia, akapita.

Wodi ya wanawake ilinuka chokaa mbichi. Kuta zilikuwa nyeupe mpaka kimo cha macho ya Komiseri, na kutoka pale kwenda juu moshi wa miaka mingi ulikuwa umebaki salama. Inspekta alianza na chupa, kwa sababu Goma nzima ilikuwa na habari za dawa zinazotoka hospitalini zikaishia kwenye meza za soko la Birere, na unga mwingine ukarudishwa mahali pake. Kama penisilini ilikuwa mbovu, Lucie alikuwa hana kosa. Aliitafuta ile chupa ya Jumamosi, akaikuta, bado ina lebo yake na tarehe yake. Akasoma alama za buluu kwenye karatasi za wagonjwa wengine. Chupa ileile, saa ileile, Lucie alikuwa amechoma watu watatu kabla ya Athanasie: kitanda cha pili, cha tano na cha tisa. Akawatembelea. Wa pili alikuwa amelala, anapumua vizuri. Wa tano alikuwa anasuka nywele. Wa tisa alikuwa anakula kiazi na kulalamika kwamba hakina chumvi. Mtu aliyeuawa na sumu halalamikii chumvi. Njia ya Birere ikafungwa.

Basi dawa ilikuwa nzuri, na mwanamke alikuwa ameikataa kwa damu yake. Kwa damu ya namna hiyo, dawa nzuri ni kisu. Na damu haikatai ghafla hivihivi mara ya kwanza; mara nyingi inatangulia kunong'ona. Nani alisikia mnong'ono?

Alikuwa anatembea kati ya vitanda akiwaza hivyo alipoona, kwenye chuma cha miguuni pa kitanda cha nne, utepe mwembamba wa shashi, upana wa kidole, umefungwa fundo moja. Akanyoosha mkono.

"Usishike, papa," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa muzee Télesphore, mfagiaji, na ndoo yake. Mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kazi, macho yake hayakupinda.

"Ni nini?"

"Iko ya wanawake."

"Muzee, mimi ni inspekta."

"Na mimi ni mufagiaji. Nilifagia Wabelgiji mpaka wakaenda. Nitakufagia na wewe." Alitabasamu kidogo, lakini alipotazama kitanda cha kumi na moja, kitupu, godoro limekunjwa, tabasamu likamtoka. Akaweka ndoo chini.

Alisema kwa sauti ya chini, na Ndayambaje hakumkatiza. Jumamosi ile walisugua hospitali tangu alfajiri. Sabuni yote ya mwezi iliisha kwenye kuta. Mpaka leo mashuka na makoti ya madokta yalikuwa yamerundikana, hayajaonja maji tangu Alhamisi. Saa tatu yeye mwenyewe alipitisha kitambaa kwenye chuma cha kitanda cha kumi na moja. Utepe ulikuwepo, na mafundo yalikuwa mawili. Yeye huzunguka, hagusi. Saa nne na nusu walipombeba maiti, chuma kilikuwa kitupu.

"Kati ya saa tatu na saa ine, nani alipita?"

"Dokta Harelimana na wakubwa wake wa kutazama usafi. Watu watano. Walipita saa tatu na nusu. Nyuma yao hapana mutu, mpaka Lucie na sindano."

"Na mafundo mawili ni kusema nini?"

Télesphore aliokota ndoo yake. "Mimi ni mufagiaji, papa. Enda Mabanga, uliza mama Perpétue."

Mama Perpétue alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, miaka ishirini na miwili kazini, aliyefundishwa na masista wakati wa ukoloni. Ndayambaje alimkuta mbele ya nyumba yake ya mbao, kwenye mawe meusi ya volkano, anachambua maharagwe ndani ya ungo. Ncha za vidole vyake zilikuwa za zambarau. Alipoona inspekta anazitazama, alieleza kwamba baridi ya usiku inampasua vidole, anavipaka dawa ya vidonda. Baada ya hapo akasema hajui kitu. Mafundo gani? Bandeji inaweza kukwama popote. Labda mtoto wa mgonjwa alikuwa anacheza.

Inspekta hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba meli ya Bukavu inaondoka kesho saa moja asubuhi, na Lucie atakuwa ndani, na mtoto atabaki Murara.

Vidole vya zambarau vilisimama katikati ya maharagwe.

"Hakusema?" mama Perpétue akauliza.

"Hakusema kitu. Alisema kitanda kilikuwa safi, akafunga mudomo."

"Mutoto wa watu," mama Perpétue akasema. Akausukuma ungo pembeni. "Anatulinda. Anaenda kufungwa juu ya kutulinda sisi, wazee."

Halafu akasimulia. Miaka miwili nyuma, muuguzi mmoja, Léonie, aliandika pembeni ya karatasi kwamba mgonjwa anatapika damu tangu apewe kidonge fulani, labda kisimamishwe. Dokta Harelimana alisoma maneno yale kwa sauti mbele ya wauguzi wote, akayaigiza kwa sauti ya kike, watu wakacheka kwa hofu. Kisha akachana karatasi. Akasema muuguzi anaandika joto na mkojo, mawazo ni ya dokta. Mwezi uleule Léonie alipelekwa kufanya kazi Walikale, kule msituni, na hajarudi. Tangu siku ile hakuna muuguzi aliyetia wazo lake kwenye karatasi. Lakini wazo halifi kwa kukatazwa. Wakaanza kufunga shashi. Fundo moja: mtazame huyu kwa karibu. Mafundo mawili: usimpe dawa iliyoandikwa mpaka uongee na aliyefunga.

"Na matatu?"

"Matatu ni kuita padri," mama Perpétue akajibu, bila kucheka.

Ijumaa jioni, baada ya sindano ya saa kumi na mbili, Athanasie alianza kujikuna mwili mzima, na midomo ikavimba. Mama Perpétue alimpa kidonge cha kutuliza mwasho bila kuomba ruhusa ya mtu, akakaa naye mpaka uvimbe ukashuka. Alimtuma mlinzi kwa dokta. Jibu lilirudi: atamwona asubuhi. Akafunga mafundo mawili, akayakaza kwa meno. Kawaida angemngoja Lucie amwambie kwa mdomo. Lakini ilikuwa Jumamosi ya salongo, kazi ya lazima ya chama, tena ya Komiseri. Saa kumi na moja na nusu alfajiri watu wa chama walikuja kuwatoa wauguzi wa usiku wakafagie barabara, na asiyetoka anaandikwa mpinzani. Akaenda kufagia barabara. Akamwachia utepe wa shashi roho ya mtu.

Ndayambaje aliuliza swali ambalo lilikuwa limemsumbua tangu wodini. "Hatari ikiisha, nani anafungua?"

Mama Perpétue alifikiri. Yeye akirudi jioni, mafundo mawili kila mara anayakuta yamekwisha kufunguliwa, na karatasi imebadilishwa na dokta. Siku zote alidhani ni wauguzi wa mchana wanaofungua. Mara moja alimuuliza Lucie, na Lucie akashangaa, wakaliacha hapo. Wao wa mchana walidhani ni yeye, kwamba anafungua kabla ya kutoka. Kwa hiyo kitanda kikiwa safi, kila mtu anasoma neno moja: imekwisha, endelea.

"Na dokta alijuaje kubadilisha dawa, kama hakuna mutu alimuambia?"

"Nilisema ni Mungu alimusemesha."

"Mara ngapi, mama?"

Aliingia ndani, akatoka na kitabu cha sala kilichokatika mgongo. Kila mgonjwa wa mafundo mawili alikuwa anamwandika mle kwa jina lake la ubatizo, na namba ya kitanda na tarehe, ili amwombee. Tangu Pasaka walikuwa saba. Wa mwisho alikuwa Athanasie.

"Twende na hicho kitabu," Ndayambaje akasema. "Tukaone kama Mungu anatumia biki nyekundu."

Saa nane walikuwa kwenye chumba cha makaratasi, mama Perpétue akisoma kitabu cha sala, inspekta akifukua karatasi za zamani. Kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu kitabu kilikuwa na majina ya ubatizo na karatasi zilikuwa na yale mengine. Walitafuta kwa vitanda na tarehe, mpaka vumbi likawakausha koo. Wa kwanza, kitanda cha sita: mafundo usiku, asubuhi dawa imekatwa kwa mstari mwekundu. Wa pili vilevile. Wa tatu, kipimo kimepunguzwa nusu kwa wino mwekundu. Walipomaliza wa sita, mama Perpétue alikaa juu ya kiboksi. Mara sita kati ya sita. Na kila mara dokta aliandika kabla ya muuguzi kufungua kinywa.

"Anatusoma," akasema polepole. "Miaka miwili anatusoma."

Ndayambaje alikuwa amekwisha kutoa ile karatasi ya saba kutoka kwenye faili, akaipeleka dirishani. Alitoa kioo chake cha kukuzia. Mstari mwekundu wa dokta ulianza kwenye neno penisilini, ukavuka safu zote, ukapita juu ya alama ya buluu ya Lucie ya saa nne. Lucie alikuwa anaandika kwa kalamu ya wino ya wodi, na wino ule ulikuwa mzito. Mahali biki ilipovuka alama, ilikuwa imeukwaruza wino na kuuvuta kidogo kuelekea kulia, uzi mwembamba wa buluu ndani ya mwekundu. Mstari wa Ijumaa hauwezi kuvuta wino wa Jumamosi. Dokta aliandika baada ya sindano, akarudisha tarehe nyuma.

Kwa inspekta mwingine ingetosha. Ndayambaje alijua haitoshi. Wakubwa wangesema kioo kinadanganya, karatasi ililowa, msichana alitia alama yake baadaye. Na walikuwa watu watano waliopita miguuni pa kile kitanda; wakili mmoja tu angeweza kutupa kosa kwa yeyote kati yao. Alihitaji mkono.

Alimwomba mama Perpétue utepe wa shashi.

Saa kumi alimwita Dokta Harelimana kwenye wodi, akisema anataka tu maelezo ya mwisho ili afunge faili. Dokta alikuja bila kuchelewa, mrefu, abakosti, suti ya chama isiyo na tai, chini ya koti jeupe, beji ya chama kifuani. Koti lilikuwa na kola nyeusi ya uchafu, na dokta mwenyewe aliomba msamaha kwa ajili yake. Alisema dobi hana sabuni, ni lilelile la Jumamosi. Télesphore alikuwa anafagia mwisho wa chumba mahali palipokwisha kufagiwa. Mama Perpétue alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma.

Walitembea taratibu kati ya vitanda. Inspekta aliuliza mambo mepesi, vitanda vingapi, wauguzi wangapi, na dokta akajibu vizuri, akapata moto. Alisema nidhamu ndiyo shida. Muuguzi wa leo anataka kufikiri. Dokta akiandika, muuguzi atekeleze. Hospitali ni jeshi. Mwanamke amekufa kwa sababu msichana hakusoma mstari mmoja mwekundu, na yeye, Harelimana, anaumia, lakini sheria ni sheria. Walikuwa wamefika kitanda cha kumi na moja. Dokta alisimama miguuni pake, akiendelea kusema, uso wake kwa inspekta.

Mkono wake wa kulia ulishuka juu ya chuma.

Hakuutazama. Kidole gumba kilitafuta, kikapata. Ukucha ukaingia ndani ya fundo la kwanza, ukalilegeza. Fundo la pili likafuata. Dokta alikuwa bado anasema habari za nidhamu wakati utepe ulipotoka kwenye chuma, ukajikunja kwenye kiganja, ukaingia mfukoni mwa koti. Ilikuwa kazi ya mtu anayefunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Mwisho wa chumba, ufagio wa Télesphore ulinyamaza.

"Dokta," Ndayambaje akasema, "unionyeshe kitu umetia mufukoni."

"Nimetia nini?"

Hakuwa anajifanya. Aliuliza kweli. Alitia mkono mfukoni, akautoa, akafungua kiganja. Kwenye kiganja zilikuwa tepe mbili. Moja ilikuwa nyeupe, ya leo. Nyingine ilikuwa imekunjamana pale yalipokuwa mafundo mawili yaliyokazwa, na ilikuwa na madoa ya zambarau ya vidole.

Dokta Harelimana alizigeuza kwa kidole. Kisha alizungusha macho chumbani, kwa mfagiaji, kwa muuguzi, kwa wanawake waliokuwa wamekaa kwenye vitanda na kusahau kujikuna.

"Nilikuwa narudi kuandika," akasema mwishowe. Sauti ilikuwa imepungua. "Nilifungua, biki ilikuwa mukononi. Pikipiki za Komiseri zikalia kwa lango, mbele ya saa yake. Wote wakakimbia mustarini. Nilisema, dakika tano tu."

"Kutoka kitanda mpaka meza ya karatasi ni hatua ine. Nimezipima."

"Sitwayen Inspekta, wewe hujui ni nini kukosa kwenye mustari siku kama ile."

Ndayambaje alijua sana. Aliandika maneno yote yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza, akampa dokta daftari asome na kutia sahihi. Mkono ule wa kulia, uliofungua mafundo, ukatia sahihi. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na nusu. Faili la Lucie lingerudi kwa mkubwa bila sahihi, na karatasi hizi juu yake. Kesho meli ingeondoka bila msichana. Kama wakubwa wangemgusa mkubwa mwenzao, hilo lilikuwa shimo jingine, na Ndayambaje hakuwa na kamba ya kulishukia. Lakini leo jioni mtoto wa Murara angenyonya nyumbani.

Dokta alifunga daftari, akaanza kuelekea mlangoni. Mama Perpétue hakumpisha. Katika miaka ishirini na miwili alikuwa hajawahi kusimama kwenye njia ya daktari, na hakujua aweke wapi mikono yake, basi akaishika pamoja mbele ya tumbo, vidole vya zambarau juu ya vidole vya zambarau. Nje, dirishani, Onésime alikuwa amefika na koti lake la mvua, anasikiliza.

"Dokta," mama Perpétue akasema, kwa adabu ileile ya siku zote. "Kama ulijua kutusoma, juu ya nini ulitukataza kuandika?"